Mbaazi za Mama, Ati

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja changu. Tuliambiwa tuandike mambo matatu: jina la chakula, nchi kilikotoka, na mtu aliyekuwa akikupikia nyumbani. Ilikuwa jioni ya wanafunzi wa kigeni, mwezi wa Novemba, Birmingham, saa kumi na nusu na nje kushaingia giza kama la saa mbili usiku Mombasa. Kila mtu alikuja na sufuria yake ama bakuli. Jamaa mmoja wa Nigeria alikuwa ameleta jollof, na hata kabla hajafungua kifuniko alikuwa ashaanza kubishana na Mghana. Mimi nikaweka mbaazi zangu mezani, nikachukua kalamu, nikaandika: Mbaazi za nazi. Kenya. Mama.

Hilo neno la tatu lilikuwa uongo. Na siwezi kusingizia kwamba nilisahau, maana siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimempigia mama simu kuulizia mapishi.

“Mama, zile mbaazi zako, tui zito unatia lini?”

“Mbaazi gani?”

“Zile za Mikindani. Za Jumamosi asubuhi, na mahamri.”

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. “Wewe, mimi sijawahi pika mbaazi za nazi hata siku moja. Hizo zilikuwa za Anti.”

Sasa hebu nikueleze nilichokuwa nakikumbuka, ndio uelewe kwa nini nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyeambiwa tarehe yake ya kuzaliwa si ile. Kichwani mwangu kulikuwa na picha ya mama jikoni, leso kiunoni, amenipa mgongo, redio inaongea, mvuke unapanda. Picha hiyo nimekuja nayo Uingereza na nimeishi nayo mwaka mzima. Nikizidiwa na baridi, naitoa. Kumbe leso ni ile ile, redio ni ile ile, harufu ni yenyewe kabisa, ila uso si wake. Mama ni muuguzi. Miaka hiyo alikuwa zamu za usiku, na Jumamosi alikuwa akiingia nyumbani saa mbili asubuhi, anakula amesimama huku viatu viko miguuni bado, halafu anaenda kulala. Huo ndio ukweli, na nilikuwa naujua. Niliubadilisha tu bila kujiambia.

Sisi kwetu hasa ni Kakamega. Chakula cha ukoo wetu, kama ni hivyo, ni kuku wa kienyeji na ugali, na mrenda ule wa kuvutika. Mama anaupika vizuri mno, na Disemba tukienda kwa nyanya nilikuwa nakula mpaka navimbiwa. Lakini nikiwa mbali si hicho ninachokiota. Ninachokiota ni chakula cha Pwani, kilichopikwa na mwanamke kutoka upande wa Ganze, ndani ya flati ya kupanga ya Waluhya wawili waliofuata kazi Mombasa. Ulimi wangu haukuuliza ukoo.

Mbaazi alizianza Ijumaa jioni. Alizichambua kwenye sinia, mawe huku, zilizoliwa na wadudu kule, kisha akazilowesha usiku kucha. Alfajiri nilikuwa naamshwa na sauti ya mbuzi. Kwa mliokulia bara, hiyo mbuzi si mnyama, ni kigoda cha kukunia nazi, chenye kisu cha meno kilichotokeza mbele. Unakikalia na kuzungusha kifuu juu ya yale meno, kra, kra, kra. Nazi ikishakunwa inatiwa maji ya uvuguvugu, inakamuliwa ndani ya kifumbu, na tui la kwanza, lile zito, linawekwa pembeni kwenye kikombe na hakuna kuligusa. La pili, jepesi, ndilo linaloingia kwenye mbaazi zilizokwisha kuiva, pamoja na kitunguu, manjano kidogo na pilipili mbichi nzima. Hapo moto unapunguzwa na unasimama nalo unakoroga, kwa sababu tui halitaki kuachwa peke yake. Ukiliacha likachemka kwa nguvu linakatika. Lile la kikombeni linaingia mwisho kabisa. Ukiona mafuta yanaanza kung'aa juu, epua.

Haya yote sikuambiwa na mtu. Niliyaona nikiwa nimekaa mlangoni pa jikoni na kaptula ya kulalia, nasubiri hamri la kwanza litoke kwenye mafuta. Mikono naikumbuka vizuri. Ilikuwa na kovu karibu na kidole gumba cha kushoto, la ile mbuzi. Mama hana kovu hilo. Hata hilo halikunishtua.

Kupata mbaazi zenyewe Birmingham kulikuwa safari. Soho Road kuna maduka ya Wahindi na nilipata zilizopaazwa tu, zile za kupika dengu za rojo, ambazo ukizichemsha zinakuwa uji. Mwishowe nikaingia duka moja la Wajamaika, Handsworth, nikaona mkebe una picha ya mbaazi zangu kabisa, na maandishi: gungo. Mama mwenye duka akaniambia kwao ni chakula cha Krismasi, wanazipika na wali wa tui la nazi. Nikamwambia kwetu ni chakula cha asubuhi. Akaniangalia vibaya kidogo, kama mtu aliyesikia unakula biriani kwa uji.

Asili ya mbaazi, wanasema wataalamu wa mimea, ni Bara Hindi. Zilifika Afrika zamani sana, na kutoka Afrika zikavushwa mpaka visiwa vya Karibi enzi za utumwa. Kwa hiyo pale dukani nilikuwa nimeshika mkebe ambao nyuma yake kuna watu wengi mno waliopanda, waliobeba, waliopika, na jina lililoandikwa ni la kampuni iliyotia kwenye mkebe. Wakati huo nilitabasamu tu nikasema dunia ndogo. Siku tatu baadaye na mimi nikaandika kadi yangu.

Kwa nini nikaandika Mama? Sababu ya kwanza ni aibu, na ni aibu ya kijinga. Meza yetu ilikuwa na Waingereza wawili, na nilijua nikiandika “mfanyakazi wa nyumbani” wataona nyumba kubwa, lango la chuma, mbwa. Ningewaelezaje kwamba Kenya hata mtu anayeishi vyumba viwili na choo cha ploti anaweza kuwa na msichana wa kazi? Kwamba mara nyingi tofauti ya mwajiri na mwajiriwa ni mshahara mmoja tu, na mwajiri mwenyewe anakopa nauli tarehe 20? Sababu ya pili ni kwamba “Mama” ni jibu lisiloulizwa swali. Ukisema mama, watu wanaguna kwa huruma na kuchukua kijiko. Ukisema Anti, wanauliza: Anti nani?

Na hapo ndipo ningekwama. Kwa sababu Anti hakuwa na jina lingine. Alikaa kwetu miaka sita, tangu niko nasari mpaka darasa la tano, na jina lake silijui. Mama naye, nilipomuuliza, alijaribu. Akasema aliletwa na jamaa ya jirani, kwamba kitambulisho hakumwomba, kwamba alikuwa anamlipa keshi ndani ya bahasha. “Tulikuwa tunamwita Anti tu. Nawe si ulikuwa unamwita Anti?” Nilikuwa namwita Anti, ndio.

Nimejaribu kujitetea. Usiku mwingine nimekaa hapa hosteli nikijiambia kwamba kadi haikuwa ya uongo sana, maana chakula ni cha aliyekigharamia. Mama ndiye alinunua nazi, mbaazi, mafuta, mkaa, na ndiye aliyelipa kodi ya hilo jiko. Lakini ukianza kuifuata hiyo kamba haina mwisho. Kwa hesabu hiyo hospitali iliyomlipa mama nayo iandikwe kwenye kadi, na wagonjwa walioilipa hospitali, na waajiri wa wagonjwa. Kadi ilikuwa ndogo.

Utetezi wenye nguvu ni wa mama mwenyewe. Nilipomwambia nimekuwa nikiwaza juu ya Anti alikasirika kidogo. “Nilimlipa. Kila mwisho wa mwezi, sijawahi chelewesha hata siku moja.” Na hilo si jambo dogo, tuseme ukweli. Sote tunajua nyumba ambazo mshahara wa msichana wa kazi ndio wa kwanza kukosekana mambo yakibana. Mama anaamini kwamba ukishamlipa mtu mmemalizana, na hiyo ni adabu ya aina yake: hutaki mtu akudai, wala hutaki kumdai. Fundi aliyetengeneza kitanda changu alilipwa, na sioni kama nina deni naye kwa kila usiku niliolala. Kwa nini Anti awe tofauti?

Nimelizungusha hili swali sana, na jibu nililonalo ni la kitunguu. Nilipokuwa mdogo sikuwa napenda kuona kitunguu kwenye chakula. Nikikiona natoa kimoja kimoja naweka pembeni ya sahani, nachukua nusu saa. Anti hakusema kitu. Akaanza kukitwanga. Kwenye kinu, na chumvi kidogo, mpaka kinapotea ndani ya tui. Mama hakumwambia afanye hivyo, mama hata hakujua, nimemwambia juzi. Fundi wa kitanda alitengeneza kitanda cha mtoto yeyote. Anti alipika chakula cha mtoto mmoja anayechukia kitunguu. Alipewa pesa za kupika. Hayo mengine alipewa nini?

Najua unachotaka kusema sasa: alikuwa kama mmoja wa familia. Nilitaka kulisema mimi pia, na limenishinda. Mmoja wa familia, na sahani yake ilikuwa ya plastiki, ya buluu, peke yake kabatini. Alikula jikoni, kwenye ile ile mbuzi, baada yetu. Isitoshe, hebu sikiliza watu wanalitumia wakati gani hilo neno. Mara nyingi nimelisikia pale msichana wa kazi anapoomba nyongeza ama siku ya kupumzika: “Si wewe ni mmoja wetu?” Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina habari ya umoja wetu. Inasema siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inasema likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Inasema mtu akiacha kazi apewe cheti kinachoonyesha alifanya kazi gani, kuanzia lini mpaka lini, na jina lake liwe juu yake. Anti alikuwa na Jumapili, baada ya kuosha vyombo vya mchana mpaka magharibi. Kama tungelazimika kumwandikia hicho cheti, angalau tungemuuliza anaitwa nani.

Kwa hiyo nikimwita mama yangu wa pili nakuwa nimemwibia kitu, na nikimwita mfanyakazi aliyelipwa nakuwa nimemwibia kitu kingine. Sijui neno la katikati. Labda halipo kwa sababu hakuna aliyelihitaji.

Nikumbuke na ukoko. Tukipika wali wa nazi jioni, ule ukoko wa chini ya sufuria, ulioshika rangi ya kahawia na kutoa mafuta ya tui, Anti alikuwa akiukwangua na kunipa mkononi. Wangu peke yangu. Dada yangu alikuwa analia na hapati. Siku moja akasema, huku anakwangua, “Kijana wangu mkubwa naye apenda ukoko kama wewe. Mwaenda sawa kwa umri.” Nilikuwa na miaka minane hivi. Sikumuuliza chochote. Nikala.

Yaani alikuwepo mtoto wa rika langu, kule Ganze, aliyependa nilichokipenda, na mikono iliyojua kumpa ilikuwa Mikindani inanipa mimi. Huyo mtoto akienda ng'ambo akaambiwa aandike kadi, ataandika nani? Bibi yake, nadhani. Yeye hatakuwa amedanganya.

Aliondokaje? Nilirudi kutoka shule siku moja nikakuta Anti mwingine, mwembamba, anapiga deki. Mama akasema yule amerudi kwao. Nilinuna siku mbili kwa sababu mpya hakujua mambo ya kitunguu. Miaka yote nimeamini alirudi kwao kama watu wanavyorudi kwao. Katika simu hii ya juzi ndipo mama akaniambia, bila kuulizwa, kwa sauti ya chini ambayo huwa nayo akitoka zamu mbaya. Mtoto wake alikuwa mgonjwa. Aliomba wiki mbili. Mama hakuwa na mtu wa kutuachia, na hospitali yake haikuwa ikimpa likizo yeye mwenyewe. Akamwambia ukienda usirudi, nitatafuta mwingine. Akaenda.

“Mtoto alipona?” nikauliza.

“Sikuuliza.”

Nilitaka kumkasirikia mama, na kwa dakika kadhaa nilifaulu. Kisha nikaona kwamba katika hadithi hii yote nimempigia mama simu mara nne, na baba sijampigia hata mara moja. Baba alikuwepo. Alikuwa bandarini, anarudi saa moja, anakula mbaazi zile zile, anasifu. Hakuna aliyemuuliza ni nani atakaa na watoto wiki mbili, na hata leo, mimi na elimu yangu yote, sikumuuliza. Lawama nayo nimeipeleka jikoni, moja kwa moja, kama kila kitu kingine.

Mama alikuwa bado na namba. Katika simu yake Anti ameandikwa “Anti Mpya”, ingawa baada yake wamekuja wengine watatu. Tulipiga, haipatikani. Tukapiga tena kesho yake, haipatikani. Ndipo dada yangu, ambaye hakupewa ukoko na labda ndiye mwenye akili timamu nyumbani kwetu, akasema si mtume M-Pesa. M-Pesa haihitaji mtu apokee simu, na kabla pesa hazijatoka inakuonyesha jina la unayemtumia.

Nilikuwa nimemtumia mama shilingi 2,000 kwa kazi hiyo. Sikujua ni za nini. Shukrani? Likizo aliyonyimwa? Haikuwa hesabu ya kitu chochote ninachoweza kutetea, ila mkono mtupu ulikuwa mbaya zaidi. Jumamosi asubuhi mama akaniweka kwenye spika, nikasikia anabonyeza, anasoma namba kwa sauti, anaweka namba yake ya siri na kunikataza nisisikilize.

“Limekuja jina,” akasema. Akalisoma. Majina mawili, la kwanza la Kikristo, la pili la Kigiriama. Mwanamke.

“Ndiye?”

“Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye ulikuwa unashinda naye jikoni?”

Nikayarudia yale majina polepole, nikijaribu kuyavika ile leso, lile kovu la kidole gumba. Hayakukataa, na hayakukaa. Inaweza kuwa ni yeye. Inaweza kuwa ni mwanamke mwingine wa Kilifi aliyeuziwa laini ya zamani, ambaye dakika moja kutoka sasa angeona 2,000 za mtu asiyemjua na kumshukuru Mungu. Miaka sita ya kula mikononi mwa mtu, na singeweza kumtofautisha na mgeni kwa jina.

“Harakisha,” mama akasema, “hii kitu itajifunga yenyewe.”

Nikamwambia atume. Halafu nikamwomba anitajie tena lile jina, herufi kwa herufi, niandike.